Tikiti la Uani: Utamu Huanzia kwenye Jani

Handeni na Korogwe zinapakana, zote ziko Mkoa wa Tanga, lakini anayepanda matikiti maji nyuma ya nyumba yake Chanika hana shida ileile na mwenzake wa Ngombezi. Wa Chanika analilia maji. Wa Ngombezi yuko jirani na Mto Pangani, maji anayo, ila mara nyingi tikiti lake hutoka kubwa, jekundu, la kupendeza macho, na chapwa.

Tofauti hiyo ina historia ya mabomba. Tangu miaka ya 1970, mji wa Handeni umekuwa ukitegemea maji yanayosukumwa kutoka Mto Pangani, kwenye chanzo kilichoko kijiji cha Tabora wilayani Korogwe, kupitia bomba kuu ambalo wenyeji hulijua kwa herufi tatu tu: HTM. Mradi wa Maji wa Miji 28 nao umelenga mto huohuo kwa ajili ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Kwa hiyo mama wa Chanika anayemwagilia bustani yake kwa dumu anatumia maji ya Korogwe. Na kwa sababu anayapata kwa taabu, anayapima. Kupima huko, bila yeye kukusudia, ni nusu ya siri ya tikiti tamu.

Wengi huamini kwamba utamu hununuliwa: ama kwenye pakiti ya mbegu, ama kwenye kichupa cha busta. Wapo hata wanaomwagilia shina maji ya sukari. Mizizi haina njia ya kuinyonya sukari hiyo na kuipeleka kwenye tunda. Watakaoifurahia ni sisimizi. Sukari yote iliyomo ndani ya tikiti imetengenezwa na majani kwa mwanga wa jua, ikasafiri ndani ya shina hadi kwenye tunda. Jani ndilo jiko.

Tikiti pia lina tabia moja inayolitenga na ndizi na embe. Ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga huo hugeuka kuwa sukari hata baada ya mkungu kukatwa. Ndiyo maana watu huvundika ndizi. Tikiti haliweki akiba ya wanga. Siku kikonyo chake kinapokatwa, hesabu ya sukari imefungwa. Likikaa ndani wiki nzima linaweza kulainika na rangi yake ikakolea, lakini halitaongeza utamu. Anayekata mapema kwa sababu mnunuzi amesimama mlangoni anauza maji yenye rangi.

Utamu huo hupimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachodondoshewa tone la juisi, na kipimo chake huitwa briksi. Viwango vya soko la Marekani hulihesabu tikiti lenye briksi 8 kuwa zuri, na lenye 10 kuwa zuri sana. Mwenye bustani haihitaji mashine hiyo. Anachohitaji ni kujua kwamba sehemu kubwa ya safari ya kutoka 6 hadi 10 hufanyika katika siku za mwisho kabla ya tunda kuiva, na kwamba siku hizo zikikutana na mvua nyingi, mawingu au majani yaliyokauka kwa ugonjwa, safari hukatika njiani.

Hapo ndipo kalenda inapokuwa na uzito. Ukanda huu una misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kanuni nzuri ni kuhesabu kinyumenyume: kwanza chagua mwezi mkavu wenye jua ambao tunda litaivia, kisha rudi nyuma siku 80 hadi 90, hapo ndipo mbegu ishuke ardhini. Hesabu hiyo inatoa nafasi mbili. Anayepanda mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni hutumia unyevu uliobaki wa masika, na matunda yake huiva Agosti na Septemba. Anayepanda katikati ya Novemba huanza na mvua za vuli na kuvuna Februari, kwenye joto kali la kabla ya masika.

Nafasi ya pili ina faida ambayo haitadumu milele. Mwezi wa Ramadhani, ambao tikiti huwa halikosekani kwenye futari za Waislamu wa Tanga na bei yake hupanda, huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2027 mfungo unatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Kwa miaka hii michache, mfungo na jua la kiangazi vimekutana. Aliyepanda Novemba atapeleka sokoni tunda tamu wakati linapotafutwa kuliko wakati wowote. Gharama yake ni kwamba mmea mchanga hupita kwenye unyevu wa Novemba na Desemba, na ubwiri, ugonjwa unaokausha majani, hupenda unyevu huo.

Kuhusu baridi, mji wa Korogwe uko chini, mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni rafiki wa tikiti karibu mwaka mzima. Walioko Bungu na Vugiri, kwenye miinuko ya Usambara, wasiige kalenda ya mabondeni. Mbegu ya tikiti hupenda udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 18 hukaa tu mpaka inaoza.

Mbegu zenyewe ni za aina mbili, na ni vizuri mnunuzi ajue anachukua ipi. Kuna mbegu za kawaida, ambazo uzao wake hufanana na mzazi, kama Sugar Baby na Crimson Sweet. Sugar Baby ni dogo, la mviringo, kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, huwa na kilo 3 hadi 5 na huiva ndani ya siku 75 hivi. Crimson Sweet lina mistari, ni kubwa, na huchukua siku 85 au zaidi. Lilizalishwa na Charles V. Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas State nchini Marekani na kutolewa kwa wakulima mwaka 1963, kwa hiyo si kitu kipya hata kidogo. Kisha kuna mbegu chotara, zenye alama ya F1 kwenye pakiti. Hizi huzaa sana, matunda yake hulingana, na nyingi zimeongezewa uwezo wa kuvumilia magonjwa. Bei yake ni kubwa. Mbegu zitakazotolewa ndani ya tunda lake hazitarudia sifa zake: moja itazaa refu, nyingine la mviringo, ya tatu chapwa. Wanaokausha mbegu za tikiti tamu walilonunua stendi ya Korogwe na kuzipanda kwa matumaini makubwa huangukia hapo.

Kwa uwanja mdogo wa nyumbani, Sugar Baby ni chaguo la busara. Matawi yake hayatambai mbali sana, tunda lake hutosha familia moja kwa mkao mmoja, na huiva mapema, jambo ambalo lina maana kubwa kwa anayenunua maji kwa dumu. Popote inaponunuliwa, pakiti iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, na tarehe yake isiwe imepita. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi ziachwe hapohapo dukani.

Tikiti halihitaji shamba lote lilimwe. Linahitaji mashimo. Shimo la futi moja kwenda chini na futi moja upana linatosha, na kati ya shimo na shimo iachwe mita moja, kati ya mstari na mstari mita mbili. Udongo wa juu uliotolewa uchanganywe na nusu debe la samadi iliyooza vizuri, ya ng'ombe au mbuzi, kisha urudishwe. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta magugu. Handeni, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji, shimo liachwe na kisahani cha kukusanya maji. Korogwe, kwenye mabonde ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji, afadhali kupandisha tuta, mche ukae juu ya kichuguu kidogo, maana mizizi ya tikiti ikikaa kwenye maji hukosa hewa na kuoza. Uwanja uwe unaopigwa na jua kutwa. Chini ya mwembe, tikiti litatambaa na kutoa majani, ila utamu usitegemewe.

Mbegu hulowekwa usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, kisha hupandwa mbili kwa kila shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3. Kwenye udongo wenye joto huchipua baada ya siku 4 hadi 8. Miche ikifikisha majani matatu, ule dhaifu hukatwa kwa mkasi au wembe. Using'olewe, kwa sababu mizizi ya miche miwili imeshashikana na kuung'oa mmoja ni kuutikisa mwingine.

Mche mdogo hutosheka na lita 2 za maji kila baada ya siku 2. Matunda yakianza kujaa, kila shimo huhitaji lita 5 hadi 8 kwa mwagilio mmoja, kutegemea joto na aina ya udongo. Kwa bustani ya mashimo 10, hiyo ni ndoo nne za lita 20 katika kilele cha mahitaji. Si haba kwa familia ya Handeni wakati bomba linapokatika, lakini inawezekana, hasa udongo ukifunikwa kwa nyasi kavu ili jua lisiunyang'anye unyevu. Wapo wanaotoboa vitundu vidogo kwenye chupa tupu za maji, wakazifukia zikiwa kichwa juu kando ya shina na kuzijaza jioni. Maji hupenya polepole hadi kwenye mizizi, na majani hubaki makavu. Majani makavu ni kinga ya kwanza dhidi ya magonjwa ya ukungu, na ni kinga isiyo na gharama.

Wiki ya tano au ya sita maua ya njano huanza, na malalamiko huanza pamoja nayo: "Maua yamejaa, lakini hayashiki." Wengine hukimbilia dawa. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Mtikiti hutanguliza maua ya kiume, ambayo hufunguka, humwaga chavua na kudondoka. Ya kike hufuata wiki moja hivi baadaye na ni machache zaidi. Kuyatofautisha ni rahisi kwa anayeinama na kutazama. Ua la kiume limesimama juu ya kijiti chembamba. Ua la kike lina kitikiti kidogo chini yake, kina vinyoya laini, hakizidi ukubwa wa punje ya kunde iliyonona, kikiwa tayari na mistari yake kama ni aina ya mistari.

Ua hilo la kike lina asubuhi moja tu ya maisha. Hufunguka jua linapochomoza na kufunga alasiri, halifunguki tena. Ndani yake kuna sehemu ya kupokelea chavua yenye nundu tatu zenye unato, na kila nundu inahitaji kupata sehemu yake. Watafiti wamekadiria kwamba ua moja linahitaji kutembelewa na nyuki walau mara 8 ili lipate chavua ya kutosha. Likipata kidogo, kitikiti hugeuka njano na kudondoka. Likipata upande mmoja tu, tunda hukua limepinda au limebana kama lina kiuno. Kwa hiyo anayepulizia kiuatilifu saa mbili asubuhi anafukuza au kuua vibarua wake mwenyewe. Kama ni lazima kupulizia, ifanywe jioni maua yakiwa yamefunga.

Palipo na nyuki wachache, kama kwenye nyumba za mjini zilizobanana, mkono wa mtu huweza kuifanya kazi hiyo. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, ua la kiume lililofunguka siku hiyohiyo huchumwa, petali zake huondolewa, na kijiti chenye unga wa njano huguswa taratibu kwenye nundu zote tatu za ua la kike. Ua moja la kiume linatosha mawili ya kike. Watoto huipenda kazi hii, na huifanya kwa makini kuliko wakubwa.

Tarehe ya siku hiyo iandikwe, hata kwa kufunga kitambaa kwenye tawi. Sugar Baby huwa limeiva siku 30 hadi 35 baada ya ua kushika, Crimson Sweet siku 35 hadi 45.

Kila mtikiti ubaki na matunda mawili, au matatu kwa Sugar Baby uliostawi. Kuyatoa mengine yakiwa madogo kunauma moyo, hasa kwa anayepanda kwa mara ya kwanza, lakini sukari ya majani yale ikigawanywa kwa matunda sita, hakuna hata moja litakaloshiba. Majani yenyewe yasiguswe. Ipo tabia ya kuyapunguza "ili jua lipige tunda." Jua linalopiga tunda huliunguza ganda, linalotakiwa ni lile linalopiga jani.

Adui mkubwa wa majani ni ubwiri wa chini, ugonjwa unaoanza kwa madoa ya njano kwenye jani na kuishia kulikausha kabisa ndani ya siku chache za unyevunyevu. Ukiingia wiki mbili kabla ya mavuno, matunda yatabaki shambani yakionekana mazima, lakini hayana tena wa kuyalisha. Kuacha nafasi kati ya mashimo, kumwagilia chini na kuondoa majani yaliyougua mapema husaidia. Viuakuvu vipo kwenye maduka ya pembejeo, na afisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kipi kinafaa na ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna, kwa sababu hili ni tunda linaloliwa bichi.

Kwa tunda lenyewe, adui ni inzi wa matunda. Jike hutoboa ganda la kitikiti kichanga na kutaga mayai ndani. Kinachoonekana nje ni kidoa kidogo chenye utomvu. Siku chache baadaye tunda huoza na funza hutoka. Kwenye ekari tano ni vita kubwa, ila kwenye mashimo 10 dawa yake ni gazeti. Tunda likiwa sawa na yai hufungwa kwa karatasi au mfuko wa kitambaa chepesi, hufunguliwa likifikia ukubwa wa chungwa kubwa na ganda limeshakuwa gumu. Matunda yaliyotobolewa yasitupwe kando ya bustani. Yafungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuanikwa juani, au yafukiwe chini sana, la sivyo inzi wapya watatoka humohumo.

Wasiwasi mmoja usiwasumbue wakulima: tikiti lililopandwa karibu na maboga au matango halipotezi utamu. Hizo ni spishi tofauti zisizozaana, na nyama ya tunda ni mwili wa mmea mama, haibadilishwi na chavua iliyoletwa na nyuki. Tikiti likitoka chapwa, sababu itafutwe kwenye maji, jua, majani au siku ya kukata.

Na maji ndiyo ya kutazamwa kwanza. Siku 7 hadi 10 kabla ya mavuno, umwagiliaji upunguzwe hadi kiasi cha kuzuia majani yasinyauke tu. Hapa ndipo wenye bustani za kando ya mto hushindwa, kwa kuwa maji yapo na tunda huonekana linaitika kwa kunenepa. Linanenepa kwa maji, sukari yake inazimuliwa, na mvua au mwagilio mkubwa wa ghafla huweza kulipasua kabisa. Mkulima wa Handeni ambaye dumu limemwishia wiki hiyo ana bahati asiyoijua.

Kujua limeiva ni ufundi wa macho kabla ya masikio. Kwenye tawi, pale kikonyo cha tunda kinapoanzia, kuna kikono, ule uzi uliojikunja ambao mmea hutumia kushikilia. Ukiwa wa kijani, tunda bado. Ukianza kukauka nchani, subira kidogo. Ukiwa umekauka wote na kuwa kahawia, tunda limefika. Kisha tunda ligeuzwe taratibu: doa lililolalia ardhi liwe limetoka kwenye weupe na kuwa njano ya siagi. Ganda nalo hupoteza ule mng'ao wa ujana. Kugonga kwa kidole, ambako kila mnunuzi wa sokoni hukufanya, husaidia mwenye uzoefu. Tunda bichi hutoa sauti kali na ya juu, lililoiva hutoa sauti nzito ya chini. Lakini hata lililopitiliza hutoa sauti nzito, kwa hiyo kugonga peke yake kusiaminiwe. Dalili mbili au tatu zikikubaliana na tarehe iliyoandikwa, tunda likatwe kwa kisu, kikonyo kiachwe sentimita chache.

Mashimo 10 ya Sugar Baby, matunda mawili kila shimo, kilo tatu hadi nne kila tunda, ni kilo 60 hadi 80. Hayo ni ya kula, ya kumpelekea jirani, na mengine ya kuuza barabarani. Wasafiri wa barabara kuu ya Chalinze hadi Segera wamezoea kusimama Mkata, Kabuku na Michungwani kununua matunda, machungwa hasa. Mwenye matikiti aliyekata moja na kuonjesha kipande hana haja ya maneno mengi.

Aliyepanda aina ya kawaida anaweza kujitolea mbegu. Kwa kuwa nyuki huruka mbali, ua la kike hufungwa kwa uzi jioni kabla halijafunguka, huchavushwa kwa mkono asubuhi kwa ua la kiume lililofungwa vilevile, kisha hufungwa tena na tunda lake huwekewa alama. Tunda hilo huachwa liive hadi lipitilize kidogo, mbegu huoshwa, huanikwa kivulini mpaka zivunjike zikikunjwa, na huhifadhiwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Mahali palipozaa matikiti pasirudiwe na tikiti, boga wala tango kwa miaka 3 au zaidi, kwa sababu vimelea vya mnyauko hubaki ardhini muda mrefu. Papandwe mahindi na kunde, na mashimo ya msimu unaofuata yachimbwe upande mwingine wa uwanja.